Nahodha Asiyeshuka Chomboni

Kuna mchezo wa kompyuta, kazi ya watu wa Iceland, kisiwa cha wavuvi kilichoko kaskazini ya Atlantiki, ambao umezua swali zito kuliko wengi wanavyolitarajia kutoka kwenye mchezo. Mchezo wenyewe huitwa EVE Online, na ulifunguliwa mwezi wa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya mjini Reykjavik. Wachezaji wake, kila mmoja akiwa katika nchi yake na mbele ya kioo chake, hukutana kwa njia ya intaneti katika ulimwengu mmoja wa nyota uitwao New Eden. Humo huchimba madini, hufanya biashara, huungana, husalitiana na kupigana vita. Kila mchezaji ni rubani wa meli ya angani. Rubani huyo hafi. Na kwa miaka minane ya mwanzo alikuwa pia hashuki.

Je, ashuke?

Neno rubani si geni katika mwambao. Kabla halijapanda ndege lilikuwa neno la baharini, jina la mtu ajuaye njia ya maji, miamba na mikondo, akakiongoza chombo mpaka bandarini. Bandarini hushuka. Hakuna aliyewahi kuuliza kama rubani wa namna hiyo ashuke au asishuke, kwa sababu safari yote ilikuwa kwa ajili ya kushuka. Nahodha asiyeshuka hana safari. Ana mzunguko tu.

Atakayelicheka swali hili na kusema ni mambo ya watoto atakuwa amelihukumu kabla ya kulisikiliza. Katika michezo mingine anayeuawa huibuka tena, na hakuna anayeuliza ametoka wapi. Watunzi wa EVE hawakuridhika na hilo, wakatunga sababu. Rubani amelala ndani ya kapsuli, chombo chenye umbo la yai kilichojaa majimaji, na mwili wake umefungamanishwa na meli kwa nyaya zinazoingia mpaka kwenye mishipa ya fahamu. Hashiki usukani. Akitaka kugeuka, meli hugeuka, kama mtu anavyogeuza shingo. Meli ikivunjwa, yai hutoka. Yai nalo likivunjwa, mashine iliyomo ndani yake huusoma ubongo wote wa rubani kwa mara moja, na kusoma huko ndiko kunakouua ubongo ule. Kilichosomwa hurushwa hadi kituo cha mbali, ambako mwili mwingine uliotengenezwa kwa mfano wake, yaani kloni, umelazwa ukingoja. Mwili huo hufumbua macho ukiwa na kumbukumbu za yule wa kwanza. Nyuma, angani, hubaki maiti iliyoganda kwa baridi.

Maiti hiyo haikuwekwa kwa kupamba hadithi tu. Katika mchezo huonekana, huokotwa na kupakiwa shehenani, na wapo wachezaji wanaokusanya maiti za maadui wao kama wengine wanavyokusanya stempu. Hadi mwishoni mwa 2014 kulikuwa na sharti jingine: rubani alipaswa kununua kloni ya daraja inayolingana na ujuzi wake, na aliyesahau kulipa aliamka akiwa amepungukiwa na sehemu ya yale aliyoyajua. Kumbukumbu ilikuwa na bei, na bei ilipanda kadiri mtu alivyoishi. Iwapo anayeamka ndiye yule aliyekufa, au ni mtu mwingine aliyerithi mawazo yake, ni suala lililokwisha kubishaniwa sana na wanafalsafa, na kwa hoja ya hapa linaweza kuachwa lilivyo. La muhimu ni jambo dogo linalosahaulika: mashine isomayo ubongo imo ndani ya yai. Nje ya yai haipo. Kwa hiyo rubani anayeshuka huuacha umilele wake mlangoni, kama mtu anavyovua viatu.

Watunzi wenyewe walijaribu kulijibu swali. Baada ya ahadi za miaka mingi kwamba siku moja marubani watatembea ndani ya vituo, tarehe 21 Juni 2011 walitoa toleo walilolipa jina la Incarna, jina lenye mzizi wa neno la Kilatini la nyama, nyama ya mwili. Rubani akapata uso, akapata miguu. Akapata chumba chenye kochi, skrini ukutani, na roshani ya kuitazamia meli yake ikiwa gatini. Chumba kilikuwa na mlango wa kwendea sehemu nyingine za kituo. Mlango huo haukufunguka.

Yaliyofuata yameandikwa sana, aghalabu kama kisa cha fedha. Ni kweli fedha zilikuwamo. Pamoja na chumba lilikuja duka la mavazi, na humo miwani ya jicho moja iliuzwa kwa bei iliyozidi dola 60 za Marekani, fedha halisi, kwa kitu ambacho hakuna mwingine angekiona maadamu mlango umefungwa, isipokuwa katika picha ndogo ya sura ya rubani. Jarida la ndani la kampuni lilivuja, nalo lilikuwa likijadili kama uroho ni jambo jema. Wachezaji wakakusanyika Jita, soko kuu la ulimwengu wao, wakaupiga mizinga mnara wa ukumbusho uliosimama nje ya kituo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mkuu wa kampuni, Hilmar Veigar Pétursson, aliwaandikia wachezaji barua ya kuomba radhi, na karibu sehemu moja katika tano ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Kabla mwaka haujaisha wachezaji walirudishiwa ile sura ya zamani, ya meli ikielea peke yake gatini, wakiizungusha kwa kidole. Chumba kiliendelea kuwapo kwa wachache waliokipenda, na Agosti 2017 kikaondolewa kabisa.

Lakini ghadhabu ile haielezwi na bei ya miwani peke yake. Watu walikuwa wameitwa washuke, wakashuka, wakakuta hakuna mtu. Anayetoka chomboni akajikuta chumbani peke yake hajashuka; amehama yai dogo akaingia yai kubwa. Ardhi haifanywi ardhi na sakafu. Mtu anayeshuka gatini hujua ameshuka kwa sababu kuna wa kumpokea, au wa kumdai, au japo mchukuzi wa kumpigia kelele. Kwa hiyo wachezaji wa 2011 walikuwa na haki ya kurudi melini mwao.

Wako wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba rubani asishuke kamwe, hata mlango ukifunguliwa. Hoja yao haistahili kudharauliwa. Wanasema kwamba mwili wa rubani ni meli, na kumwambia atembee ni sawa na kumuuliza nyangumi mbona hapandi pwani. Wanaongeza jambo jingine lililo bora zaidi. Meli haina rangi ya ngozi, haina jinsia, haina umri wala kilema. Mtu asiyeweza kuinuka kitandani huongoza kundi la meli mia, na wanaomtii hawajui wala hawana haja ya kujua. Ukimpa uso umemrudisha kule alikokuwa, katika dunia inayompima mtu kwa sura kabla hajafungua kinywa. Kwa wengine lile yai ndipo mahali pa pekee walipowahi kuhesabiwa kwa akili zao. Yeyote anayetaka rubani ashuke hana budi kuibeba hoja hii mpaka mwisho wa safari yake, asiitupe baharini kwa kuwa ni nzito.

Hata hivyo hoja hiyo ina tundu, na tundu lenyewe limo ndani ya meli.

Rubani hayumo peke yake humo. Katika masimulizi ya mchezo, vyombo vidogo vyaweza kwenda bila mtu mwingine au na wachache, lakini meli kubwa za vita hubeba mabaharia kwa maelfu. Kapsuli imepunguza idadi yao, haikuwaondoa. Hao wanakufa. Hawana yai, hawana mwili unaongoja kwingine, hawana mashine ya kuwasoma. Meli ikipasuka baadhi yao huwahi vyombo vya kujiokolea, na waliobaki huishia pale pale. Mchezaji hawaoni. Hakuna sauti yao, hakuna jina, hakuna mahali katika mchezo wote ambapo mtu hulazimika kuwajua kwamba wapo. Anayetaka kuwajua huenda akawasoma katika hadithi zilizoandikwa pembeni, akitaka.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni hati inayotolewa kila meli inapoangamizwa. Hati hiyo ni sahihi kupita kiasi. Hutaja aina ya meli, mahali na dakika. Hutaja kila mzinga uliofungwa, kila risasi iliyokuwa shehenani, kilichoungua na kilichosalia. Hutaja waliopiga, mmoja mmoja, na aliyepiga pigo la mwisho. Wachezaji wakaikokotolea thamani. Hakuna karani wa bandari aliyewahi kuandika daftari safi kama hilo. Mabaharia hawamo. Hawakuandikwa hata kwa jumla, japo mapipa na magunia huandikwa.

Tarehe 27 na 28 Januari 2014, katika eneo liitwalo B-R5RB, malipo ya kulimiliki eneo hilo hayakufika kwa wakati, na kutokana na deni hilo vikazuka vita vilivyodumu karibu siku nzima. Wachezaji zaidi ya 7,000 walihusika. Meli 75 za daraja kubwa kuliko zote, ziitwazo Titan, ziliteketea, na hasara ikakadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani. Habari hizo zilitoka katika magazeti ya dunia, na watunzi wakaacha magofu ya meli katika eneo lile yawe ukumbusho. Idadi ya meli inajulikana, na thamani inajulikana. Kwa hesabu ya mchezo wenyewe, kila Titan ni mji unaoelea. Idadi ya waliokuwamo haikuulizwa na mtu, na marubani waliozipoteza waliamka wakaenda kulala. Wahenga wanasema kifo cha wengi harusi, wakimaanisha kwamba msiba ulioshirikiwa huwa mwepesi kuubeba. Huu haukushirikiwa na yeyote. Uliwaangukia wasioandikwa.

Itasemwa kwamba mabaharia hao hawapo, ni wino tu. Ni kweli, na rubani naye ni wino. Lakini mkono unaompeleka rubani ni mkono wa mtu, na macho yanayosoma ile hati ni macho ya mtu, nayo yanajizoeza. Yanazoea daftari ambalo ndani yake chuma kina jina na mtu hana. Hakuna haja ya kwenda angani kuyatafuta madaftari ya namna hiyo. Makampuni na majeshi yanayo.

Hapa ndipo swali la kushuka linapogeuka. Rubani huyu anasifiwa kwamba haachi meli yake. Lakini meli ikivunjika, nani hutoka kwanza? Ni yeye. Yai huchomoka hata kabla moto haujatulia, na maelfu wakabaki nyuma. Asiyeshuka kamwe ndiye wa kwanza kuondoka. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli ya abiria Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Nahodha wake, Francesco Schettino, alikuwa ameiacha meli ilhali abiria bado wamo, na 2015 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 16. Dunia nzima ilimwita mwoga, na hakuna haja ya kumtetea. Hata hivyo, hofu yake ilikuwa ya mtu anayejua kwamba maji yale yanamuua yeye kama yanavyomuua abiria. Alikimbia kifo kilichokuwa chao wote. Rubani wa EVE hakimbii kitu. Alitengwa na kifo cha wenziwe tangu siku ya kwanza, na kutengwa huko kukaitwa ushujaa wa kuambatana na chombo.

Desturi ya kumtaka nahodha awe wa mwisho haikuwekwa ili afe. Iliwekwa kwa sababu aliye wa mwisho humwona kila mtu akipita mbele yake. Huwahesabu. Anayeondoka wa kwanza hana hesabu ya kutoa, hata awe mwema kiasi gani.

Katika masimulizi ya Kiislamu yumo ambaye wengi wamesadiki kuwa hajafa, naye ni Khidhri. Sura ya Al-Kahf haimtaji kwa jina, ila wafasiri wamemtambua kuwa ndiye yule mja aliyefuatana na Musa, na kisa chao huanza na chombo. Wanapanda, na mara Khidhri anakitoboa. Musa anapigwa na mshangao: je, amekitoboa ili awazamishe waliomo? Sababu inakuja baadaye. Chombo kilikuwa cha masikini wafanyao kazi baharini, na mbele yao alikuwako mfalme anyang'anyaye kila chombo kizima. Mambo mengi yamesemwa juu ya kisa hiki, juu ya subira na juu ya elimu iliyofichika. Kwa swali lililoko hapa yatosha kutazama mambo mawili. Asiyekufa huyu alijua chombo ni cha nani. Na alikuwa akitembea kwa miguu: alipanda, akashuka, akaendelea pwani na mwenziwe anayekufa, ambaye kila hatua alimuuliza kwa nini.

Rubani wa New Eden hana wa kumuuliza kwa nini. Ndiyo maana ashuke. Asishuke kwa ajili ya kochi, wala kwa ajili ya uso mpya na miwani. Ashuke aende sehemu za chini za meli yake mwenyewe, kwa wale ambao kesho hawataamka, na ashuke bila yai, ili kwa saa ile awe na wao katika hatari moja. Yule anayeogopa kupimwa kwa sura yake hana la kuogopa humo. Mabaharia hawatamuuliza uzuri wala rangi, watamuuliza wanapelekwa wapi. Baadaye apande akitaka. Mpanda ngazi hushuka, na aliyeshuka hupanda tena, lakini huyo wa pili si rahisi kuamini kwamba meli ni mwili wake peke yake.

Mchezo wa namna hiyo pengine usingeuzika. Watunzi walipokuja kuweka watu juu ya ardhi kweli kweli, katika mchezo wa pembeni wa askari wa miguu ulioitwa DUST 514, uliofunguliwa Mei 2013 na kufungwa Mei 2016, jambo la kwanza walilofanya ni kuwapa na hao kloni, wasife. Ni kana kwamba mguu haukuruhusiwa kukanyaga chini mpaka kifo kiondolewe kwanza. Aliyeshuka kwa masharti hayo amepanda.

Wachezaji, kwa upande wao, wamekuwa wakitafuta njia bila kusubiri. Katika eneo la Molea waliweka makaburi: makontena yanayoelea, kila moja na jina lake. Sean Smith, mtumishi wa ubalozi wa Marekani aliyeuawa Benghazi, Libya, tarehe 11 Septemba 2012, alijulikana mchezoni kwa jina la Vile Rat, na huko pia kazi yake ilikuwa ya kidiplomasia, kuzungumza na maadui ili waache kupigana. Habari ya kifo chake ilipofika, vituo katika sehemu nyingi za New Eden vilibadilishwa majina vikaitwa kwa jina lake, hata vya watu aliowahi kupambana nao. Mei 2014 katika bandari ya Reykjavik ulizinduliwa mnara wenye majina ya wachezaji, majina ya wasiokufa yakachorwa mahali ambapo upepo wa chumvi utayala.

Na iko desturi moja zaidi. Mchezaji anapofariki, mwenyewe, mtu mwenye mwili, wenziwe huwasha mwanga. Ni mwanga uliokusudiwa kazi nyingine: hutumika vitani kuziita meli kubwa kutoka mbali. Katika maombolezo hakuna meli inayoitwa. Huwashwa tu, mmoja hapa, mwingine kule, wakati mwingine kwa makumi, na kila aliyemo katika eneo lile huuona, rafiki na adui. Meli iliyowasha mwanga huo haiwezi kusogea mpaka uzimike. Kwa dakika hizo rubani hana pa kwenda, na yeyote apendaye anaweza kumpiga. Amesimama mbele ya jina la mtu ambaye hatarudi, mikono yake halisi ikiwa mezani, nyumbani kwake, katika mji wowote uwao.